Boti ya tanga uani kwangu Dodoma: waya kwanza, mbao baadaye

Swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayechungulia getini ni bahari iko wapi, la pili ni kama nimeoteshwa mvua kubwa kama Nabii Nuhu, kwa hiyo wacha nijibu yote hapa nisirudie tena. Bahari iko Tanga, boti itarudi hukohuko, na mvua ya Dodoma ni ileile ya Desemba mpaka Aprili ambayo hata mtama inaukosea adabu. Boti iko uani kwangu Nzuguni kwa sababu mimi niko Nzuguni, kazi ilinihamishia huku na wengine wengi serikali ilipohamia, na boti usiyolala nayo karibu haitengenezeki, utalipia maegesho pwani huku yenyewe inachakaa na we unaangalia picha zake kwenye simu.

Ni boti ya faiba, futi 22, ilitengenezwa Uingereza miaka ya 70, ina mikuku miwili, yale mapezi mazito ya chini ya boti, badala ya mmoja. Waingereza walizipenda hizi za mikuku miwili kwa sababu maji yakikupwa inasimama yenyewe kwenye tope bila kulala ubavu, na kwa sisi wa bara faida yake ni kwamba lobedi, lile trela la kubebea mizigo mizito, ilipoishusha haikuhitaji kutengenezewa kitanda cha vyuma, ilisimama tu. Chini nimepanga matofali, sio magogo, maana Dodoma ukilaza gogo ardhini umewaita mchwa, na mchwa hali faiba lakini njia ya kufika kwenye plaiwudi ya ndani anaijua vizuri kuliko wewe. Kila asubuhi napita chini kuangalia kama kuna vijia vya udongo kwenye matofali. Jirani yangu mzee wa Kigogo akinikuta nimeinama huko ananisalimia "mbukwa" alafu anacheka peke yake akiondoka.

Sasa kilichonifanya niandike. Watu wakipata boti ya zamani wanaanza na vinavyoonekana, magodoro mapya, mapazia, mbao za kung'aa, rangi, alafu umeme wanauchomekachomeka mwishoni, na huo ndio ugonjwa niliourithi mimi. Msimamo wangu ni kwamba ndani ya boti useremala na umeme ni kazi moja, na umeme ndio unaotangulia. Kabla hujakata ubao hata mmoja ujue kila waya inapita wapi, inaanzia wapi, inaishia wapi, na je mkono wako utafika pale ukiwa umelala chali na mawimbi yanakurusha.

Nilianza kwa kubomoa dari. Boti nyingi za kipindi kile zilibandikwa vinyl yenye sponji nyembamba nyuma yake, ikipita miaka ile sponji inakufa inakuwa unga wa rangi ya machungwa na vinyl inaning'inia kichwani. Kuitoa ni dakika chache, kuondoa ule unga na gundi kwenye faiba ndo kazi, ni kukwangua na msasa na barakoa nzuri ya vumbi, sio ile ya kitambaa, kwa sababu vumbi la faiba ukilivuta ni balaa na likikaa kwenye shingo utajikuna mpaka usiku. Nyuma ya dari ndo nikakutana na historia ya wamiliki wote waliopita. Kulikuwa na waya za nyumba ngumu za kopa nene moja, waya za spika, waya za gari, kuna kipande kimeungwa kwa kusokota na kufungwa selotepu ya kawaida, na waya tatu zilizokatwa ambazo mwanzo wake mpaka leo sijaona umuhimu wa kuutafuta maana niliing'oa yote. Ukikuta hali kama hiyo usirekebishe, ng'oa. Piga picha kwanza, ng'oa, anza upya.

Nilimwita fundi umeme wa mtaani aniangalizie, kijana mzuri sana, nyumba yangu yote kapiga waya yeye na sijawahi kumlalamikia. Akapanda ngazi, akaingia, akasema, "Bosi hapa moja na nusu inatosha kila kitu, nyumba nzima taa tunapiga moja na nusu." Na kwa nyumba yuko sahihi kabisa. Lakini boti ni volti 12, na hapo ndipo mahesabu yanageuka.

Chukua friji ndogo ya wati 60. Kwenye 230 inavuta kama robo ya ampea. Kwenye 12 inavuta ampea 5, mara ishirini hivi. Friji iko mita 6 kutoka kwenye betri, umeme unaenda na kurudi kwa hiyo unahesabu mita 12 za waya. Waya ya milimita za mraba 1.5 ina ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita, kwa mita 12 inakuwa omu 0.145, zidisha kwa ampea 5 unapata volti 0.73 zimepotelea njiani. Kwenye 230 hiyo 0.73 hakuna hata atakayeiona. Kwenye 12 ni asilimia 6 ya umeme wako wote, na betri ikiwa imeshuka kidogo kompresa inagoma kuwaka, inajaribu, inakata, inajaribu, na mtu anaanza kulaumu friji. Ukienda 2.5 unapoteza 0.44, bado ni karibu asilimia 4. Ukienda 4 unapoteza 0.28, kama asilimia 2 na kidogo, hapo sawa. Kwa vitu nyeti kama pampu, redio na taa za kuongozea watu wa boti wanataka upotevu usizidi asilimia 3, na mi nimeamua kutumia hiyohiyo kwa kila kitu. Fundi nilimwandikia haya yote kwa chaki kwenye ubavu wa boti, akaangalia, akasema "kumbe", na toka siku hiyo yeye ndiye ananiuliza urefu kabla ya kukata waya.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ni raha. Taa za LED. Taa ya zamani ya juu ya mlingoti ilikuwa ya wati 10, nimeweka LED ya wati 2, ampea haifiki hata 0.2, kwa hiyo kupandisha waya mita 9 za mlingoti naweza kutumia hiyohiyo 1.5 bila wasiwasi. Yaani pesa ya LED unairudisha kwenye kopa. Ila angalia, LED za bei chee zina vidude ndani vinavyopiga kelele kwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya boti. Kuzijaribu washa redio, shusha skwelchi, kile kitufe cha kunyamazisha kelele za hewani, mpaka usikie ule mchakacho mdogo, washa taa, mchakacho ukibadilika rudisha taa dukani. Huku Dodoma hakuna meli ya kusikiliza kwenye chaneli 16, ile ya kuitana na kuombea msaada, lakini jaribio linafanya kazi popote, na bora ulijue uani kuliko usiku baharini unamwita mtu hakusikii.

Waya yenyewe isiwe kopa tupu. Hewa ya chumvi inaingia kwenye ncha na kutambaa chini ya plastiki, ukija kuichuna mwaka unaofuata unakuta nyeusi au ya kijani hata sentimita kadhaa ndani, na ukinzani umepanda. Ya boti ni ya nyuzi nyingi nyembamba na kila unyuzi umepakwa bati. Madukani hapa mjini sijaipata, mafundi wengi wa sola wana nyuzi nyingi lakini kopa tupu, kwa hiyo niliagiza rola kupitia mtu wa Dar. Ghali ndio. Lakini ni waya tu, unanunua mara moja.

Kuungia ni kwa kubana na lagi, vile vichwa vya ncha ya waya, sio kuchomelea risasi. Najua mafundi redio watanibishia. Ukichomelea, risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuifanya ngumu kama msumari, boti inatikisika mchana na usiku, na pale ugumu unapoishia ndipo nyuzi zinapokatika mojamoja. Tafuta koleo la kubania la kukereza, lile ambalo haliachii mpaka limefika mwisho, bana, alafu vuta kwa nguvu zako zote. Ikichomoka ilikuwa haijabanwa. Juu yake weka mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Na kwa rangi, chanya nyekundu, hasi nimetumia njano badala ya nyeusi kama baraza la boti la Marekani, ABYC, linavyoshauri, sababu yake ni kwamba nyeusi kwenye umeme mkubwa wa kule kwao ndio ya moto na kwenye nyumba zetu za waya za zamani ni nyutro, mtu akikutana na nyeusi gizani asianze kubahatisha maana yake.

Fyuzi. Hapa naomba uniruhusu niwe mkali kidogo. Fyuzi hailindi friji wala taa, inalinda waya isigeuke hita nyuma ya ubao wako mzuri wa mninga. Kwa hiyo saizi yake unapangia waya, na inakaa mwanzo wa waya karibu na betri, sio mwisho karibu na kifaa. ABYC wanasema ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye nguzo ya betri. Boti yangu ilikuwa na fyuzi moja tu, iko kwenye paneli, mita mbili na nusu kutoka kwenye betri, na hizo mita mbili na nusu zilikuwa waya nene inayopita kwenye kona ya faiba kali bila hata mpira wa kuizuia isisuguke. Betri ya kawaida ukiigusisha chanya na hasi inaweza kutoa ampea elfu moja na zaidi, ya lithiamu ni maelfu kabisa, ndo maana kwa lithiamu wanatumia fyuzi za klasi T ambazo zina uwezo wa kukata mkondo mkubwa vile bila kupasuka ovyo. Huwezi kuzima moto wa waya ukiwa kwenye chumba cha futi chache huku plastiki inaungua.

Betri nimeweka lithiamu ya LiFePO4, ampea-saa 100. Sikuipenda kwa sababu ni mtindo. Ya risasi ya 100 unaruhusiwa nusu tu ukitaka idumu, ya lithiamu unatumia 80 na zaidi, na uzito wake ni kama kilo 11 au 12 wakati ya risasi inakaribia 30. Kwenye boti ya tani mbili na ushee hilo sio dogo. Hofu ya watu na lithiamu ni oltaneta ya injini kuungua, kwa sababu betri hizi zinavuta chaji bila aibu, lakini mi injini yangu ni ya kuning'iniza nyuma, koili yake inatoa chaji kidogo tu, nimeiacha kwenye betri yake ndogo ya kuwashia na hazikutani. Chaji yote ya ndani ni sola. Watengenezaji wengi wanasema usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, ambalo kwa Dodoma na Tanga sio tatizo letu, tatizo letu ni joto, kwa hiyo iko chini katikati ya boti, kwenye boksi, imefungwa mkanda isisogee hata boti ikilala.

Mahesabu ya matumizi niliyafanya hivi: friji kwa joto letu ampea-saa 30 hivi kwa siku, taa tano, redio, simu, feni, pampu ya maji, jumla naikadiria 45, ambazo ni kama wati-saa 540. Paneli mbili za wati 100 zikilala bapa juu ya deki kwa jua zuri zinaleta 600 mpaka 800. Usidanganyike na hapa Dodoma ambako jua ni la bure na hakuna mlingoti uliosimama. Paneli ikichemka inapungua kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi juu ya 25, na kivuli cha kamba moja ya mlingoti kinaweza kukuibia sehemu kubwa ya paneli nzima, ndo maana nimeziunganisha sambamba, moja ikipigwa kivuli nyingine iendelee. Chaja ya sola ni ya MPPT, aina inayokamua paneli nguvu yake yote. Invata, ile ya kugeuza 12 kuwa 230, nimeweka ndogo ya wati 300 ya kompyuta tu, na umeme wa nchi kavu wa 230 sikuuingiza kabisa kwenye boti, kwa matumizi yangu ni matatizo ya bure.

Haya, mbao.

Baada ya waya zote kulala kwenye paipu laini za mikunjo, zimebanwa kila sentimita 45, kila ncha ina lebo pande zote mbili, na ndani ya kila paipu nimeacha kamba tupu ya kuvutia waya nyingine siku nikihitaji, ndo nikamfuata mzee seremala mwenye karakana kule karibu na soko. Yeye ni wa makabati ya jikoni na vitanda, boti hajawahi. Nilimwonyesha picha akaniambia, "Kijana wangu, hii nyumba haina kona hata moja iliyonyooka." Na ni kweli, ndani ya boti hakuna ukuta uliosimama wima, kila ubao unachukuliwa umbo lake kwa kadibodi kwanza. Boksi za televisheni zimeisha mtaa mzima.

Plaiwudi ina mtego. Ukienda dukani kwetu ukasema marine bodi utapewa ile yenye ngozi ya kahawia au nyeusi inayong'aa, ya kumwagia zege. Sio ya boti. Ngozi yake ya nje ni ngumu kweli lakini katikati mara nyingi kuna mapengo, na maji yakiingia kwenye mapengo unaozesha ubao ukiwa unauona mzima. Tunachofanya ni kukata kipande, kukichemsha kwenye sufuria saa kadhaa, kukikausha, kukichemsha tena. Tabaka zikiachana sio yetu. Mama watoto sufuria yake nimeshamnunulia nyingine. Kata pia ubavu uangalie mapengo kwa macho. Tulichochagua kila ukingo umepakwa epoksi kabla ya kufungwa, na epoksi hapa inapigwa asubuhi au jioni, joto likipanda nyuzi 10 muda wako wa kuifanyia kazi unapungua karibu nusu, saa saba mchana wa Oktoba inakugandia kwenye kikopo huku inafuka moshi.

Lakini somo kubwa la bara ni hili, na sijaona watu wa pwani wakiliongelea kwa sababu haliwahusu. Mbao ya Dodoma kiangazi imekauka sana. Ukitengeneza droo ya mninga mwezi wa tisa hapa, ikaingia vizuri kabisa bila pengo, ukaipeleka Tanga ikakaa mpaka masika, haifunguki. Ubao wa upana wa sentimita 20 unaweza kuvimba milimita moja au mbili kwa unyevu wa pwani. Kwa hiyo mzee nilimwomba aache pengo kila mlango na kila droo, jambo lililomuuma sana, fundi wa miaka yote hiyo kuambiwa aache pengo ni tusi. Alikuwa anaacha ndogo, narudi nampigia hodi, "mzee shikamoo, ongeza kidogo," anaongeza huku ananung'unika kwamba watu wakiona watasema kazi yake mbovu. Sehemu pana zote tumetumia plaiwudi, mninga ni wa vizingo na vishikio tu. Mninga unasifiwa kwa kutulia ila nao unavimba kidogo, na ukilinganisha na mkongo ni mwepesi zaidi.

Dari jipya halikubandikwa. Ni vipande vya plaiwudi nyembamba nyeupe, vimefungwa na skrubu za stenlesi zinazoonekana, vikombe chini yake, kila kipande kinatoka na bisibisi moja. Mzee alitaka kuficha vichwa vya skrubu na mbao, nikakataa. Siku taa imekufa usiku nataka nijue skrubu ziko wapi. Skrubu ziwe za stenlesi daraja la 316 kwa mahali panapolowa, za 304 ndani pakavu zinatosha, zile za njano za dukani zinatoa kutu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuisha.

Magodoro sina mengi, sponji nzito ya Dodoma hiihii, imekatwa umbo la V kuelekea omo, yaani mbele ya boti, chini yake vichanja vya mbao ili hewa ipite maana godoro likilalia plaiwudi moja kwa moja linaota ukungu. Kitambaa rangi ya kijivu. Mke wangu alitaka bluu, kila boti ni bluu jamani.

Pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, ndo kitu pekee ambacho hakipiti kwenye swichi kubwa. Inatoka moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, na boya lake la kuiwasha yenyewe, kwa sababu mtu akitoka kwenye boti anazima swichi kubwa na kwenda nyumbani kulala, na boti ndo muda huo inaingiza maji. Nimeijaribu kwa ndoo mbili za maji ya dumu, na majirani wameniona namwaga maji ya kununua ndani ya boti jangwani, hayo tuyaache.

Kilichobaki ni kiungo cha waya pale mlingoti unapokutana na deki, nataka waya ining'inie kitanzi kwanza kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje yasifuate waya, na kile cha zamani kimeoza. Alafu ukaguzi wa TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, kabla ya kushuka majini, na lobedi inayorudi tupu kuelekea Tanga kwa njia ya Morogoro na Chalinze. Mwenye lobedi ya aina hiyo mwezi wa sita anitafute, boti haizidi tani tatu, mlingoti unalala juu yake, na matofali ntayabakiza mwenyewe.